Chini ya Tumbo la Kwadi

Vijana wangu wa karakana, nimewaona. Mtu ananunua kwadi leo, pikipiki ile ya magurudumu manne, na kabla jua halijazama ameshaifunga taa sita, redio, na kibati mbele kinachong'aa kama jino la dhahabu. Nikimwuliza, "Umeshalala chini yake?" ananitazama kama nimemtukana.

Ninyi hapa Zanzibar njia zenu ni mchanga na watalii. Kwadi inarudi na vumbi, mnaipiga maji, basi. Nimefanya kazi nanyi miaka minane, nimecheka nanyi sana, na sasa mgongo umekataa kabisa kulala sakafuni. Nimebadilisha mapazia ya macho mara mbili, yaani miwani. Lakini kabla sijawaachia ufunguo wa kabati langu la vifaa, nataka mjue nilijifunzia wapi haya ninayowapigia kelele kila asubuhi. Nilijifunzia Moroni na Mutsamudu, miaka ile visiwa vyetu vya Komoro vilipokuwa havisemezani. Na karibu kila ninachokijua nilipewa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kunipa.

Wa kwanza alikuwa Fundi Rabe. Mimi nilizaliwa Majunga, huko Bukini, yaani Madagaska, kwa wazazi wa Ngazija, kisiwa chetu kikubwa, na Fundi Rabe alikuwa Mbuki wa kule kule. Nilipoingia karakana yake nilikuwa na ndevu tatu na kiburi cha watu kumi. Mwezi mzima hakuniruhusu kufungua injini. Alinitandikia gunia chini ya lori, akanilaza chali, akaketi kwenye kigoda na kahawa yake.

"Sema unachokiona," aliniambia.

"Naona chuma."

"Rudi. Tazama tena."

Mpaka nikaanza kuona. Hapa pamekwaruzwa na jiwe. Hapa oili inatoka jasho. Nati hii imeanza kulegea, maana vumbi lililoizunguka limepasuka. Dereva, alisema Fundi Rabe, anakueleza safari aliyotaka kwenda, lakini tumbo la gari linakueleza safari aliyokwenda. Mwaka sabini na saba, tulipokusanywa uani pamoja na wazee wetu tusubiri kurudishwa Komoro baada ya Wakomoro kushambuliwa na kuuawa pale mjini, alikuja mbele ya watu wote na spana zangu zimefungwa kwenye kitambaa cha mkewe. "Utahitaji kula," alisema. Akaondoka bila kugeuka. Spana mbili katika zile bado zimo kabatini. Ile ya kumi na tatu msiiazime.

Moroni niliajiriwa katika karakana iliyotengeneza magari ya watu wa chanjo. Nilioa, nikazaa, nikazeeka kidogo. Fundi wetu wa umeme alikuwa Nasuri, Mnzwani, mtu mpole anayeimba akiwa amebana waya midomoni. Siku moja tukaambiwa kuna kwadi mbili mpya zimepelekwa Mutsamudu, kisiwani kwao Nzwani, ili wauguzi wafike vijiji vya juu mlimani ambako gari halifiki. Zilihitaji kuvishwa: bamba la chini, kinga za vyuma vinavyoshika magurudumu, bomba la hewa liinuliwe. Nikatumwa mimi. Kazi ya wiki mbili, walisema, na mabamba yenyewe ya aluminiamu yangenifuata kwa meli.

Nasuri akanipa barua nimpelekee kaka yake. "Usilale kwa watu," aliniambia. "Kaka yangu Bakari ni fundi wa kuchomelea. Ukilala pengine atanikasirikia mimi, si wewe."

Nilikuwa sijamaliza wiki ya kwanza, kisiwa cha Nzwani kikatangaza kujitenga na Komoro. Meli zikasimama. Mabamba yangu yakabaki Moroni, na mimi nikabaki Mutsamudu, Mngazija kwa lafudhi na kwa pasi, katika mji ambao vijana walikuwa wameanza kufunga barabara kwa mawe na kuwauliza watu wanatoka kisiwa gani.

Nilikunja nguo zangu nikamwambia Bakari nitatafuta pa kukaa nisimletee balaa. Bakari alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye nyusi zilizoungua upande mmoja. Alimwita mkewe, Zaina. Kwetu Komoro nyumba ni ya mwanamke, nanyi mnalijua hilo.

Zaina alisimama mlangoni akazitazama zile nguo zilizokunjwa. "Nyumba hii ya nani?"

"Yako, dada."

"Basi mgeni wa nani?"

Nikazikunjua nguo. Nilikaa miezi saba.

Sasa kazi. Mtu aliyezisubiri zile kwadi alikuwa Mariamu, muuguzi wa chanjo, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Aliendesha akiwa amekaa wima kama yuko harusini, suruali ndani, buibui limekunjwa kiunoni, na kasha la chanjo nyuma yake limejaa barafu. Nilipomwuliza kama haogopi ile milima ya juu alinijibu, "Mlima nimeuzoea, baba. Ninachokiogopa ni kazi yako."

Na alikuwa na haki. Bakari alikuwa amepata kwa mtu mmoja aliyeacha biashara mtambo mzima wa kukamulia mlangilangi, pipa kubwa la chuma ambamo maua yalichemshwa kutoa mafuta. Kitako chake kilikuwa chuma kinene kweli. Mimi nikasema Mungu ameleta. Nikakikata, nikakunja kingo zake juu pande zote nne, nikakichomelea kwenye fremu ya kwadi ya kwanza wakati umeme ungali upo. Tumbo lote likafungwa kama sufuria. Nikaligonga kwa nyundo, likalia vizuri.

Bakari alilizunguka, akapiga magoti. "Matope yatatokea wapi?"

"Hayataingia."

"Yataingia," alisema. "Nauliza yatatokea wapi."

Nikamwambia nimekuwa kwenye kazi hii tangu Majunga. Akainuka, akaniachia, maana nilikuwa mgeni wake.

Mariamu aliondoka asubuhi. Alirudi baada ya alasiri kwa miguu, kasha la chanjo kichwani, matope mpaka kifuani. Kwadi ilikuwa imechemka nusu ya njia. Matope yalikuwa yameingia juu ya bamba, yakajaa, yakashikana, injini ikakosa pumzi na joto likakosa pa kwenda. Yeye alikuwa amelitwika lile kasha, akapanda saa nzima na nusu mpaka kijijini kabla barafu haijayeyuka, akachanja watoto wote waliokuwa wakisubiri, akateremka. Alichota bonge la matope kwenye mfuko wake akaliweka juu ya meza yangu ya kazi.

"Nimekuletea chakula chako," alisema, akaenda kuoga.

Vijana, sijawahi kutukanwa vizuri vile. Kesho yake tulipanda kuifuata kwadi, na ilinibidi nimwage oili ya injini ili nione kama imeungua. Plagi ya oili, kile kizibo cha kumwagia, ilikuwa wapi? Juu ya bamba langu. Na bamba langu lilikuwa limechomelewa. Nilikaa njiani na msumeno wa chuma, nikikata kazi yangu mwenyewe, Bakari akinishikia mwavuli. Alichosema tu, tuliposhuka, ni "Tutafunga kwa bolti."

Basi haya ndiyo aliyonifundisha Bakari, na ndiyo ninayowafundisha. Bamba la tumbo si mlango wa kufungia. Ni kitu cha kutelezea. Mbele likunjwe juu, kama mtu anayeinua kidevu, ili likikutana na jiwe lipande, lisichimbe. Nyuma liachwe wazi. Kati ya bamba na fremu weka vipande vya tairi kuukuu, chuma kisigongane na chuma, maana kelele ile ndiyo mwanzo wa ufa. Vichwa vya bolti vizame ndani ya bamba, vinginevyo jiwe la kwanza litavinyoa na siku ukitaka kulifungua utalia. Acha nafasi ya matope kutoka, na nafasi ya mkono wako kuingia. Na usichomelee kitu kwenye fremu kama unaweza kukifunga kwa bolti. Bolti unaweza kuomba radhi ukafungua.

Chuma kilichobaki kilikuwa cha ubavu wa ule mtambo, chembamba kiasi, mabamba mawili tu, moja kwa kila kwadi. Hakuna kingine kisiwani, au kama kilikuwapo, waliokuwa nacho hawakuwa watu wa kuuza. Tulilimaliza la kwanza. La pili tulikuwa tumelikata na kulikunja, limeegemea ukutani, wakati pikapu iliposimama mlangoni mwa karakana na watu watano wenye bunduki wakashuka.

Mkubwa wao walimwita Komanda. Bakari alinieleza baadaye kwamba kabla ya mambo haya alikuwa akifundisha watoto mazoezi ya viungo. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kupuliza filimbi.

"Nasikia hapa kuna Mngazija anayeyavisha magari chuma," alisema.

"Hapa kuna mgeni wangu," Bakari alijibu.

"Huyo huyo. Aivishe pikapu yangu. Pande mbili, nyuma, wanangu wakae ndani." Akalionyesha lile bamba. "Aanze na lile."

Nilijua nikikataa kwa lafudhi yangu ile, wangesema Mngazija anakataa kwa sababu ni Mngazija. Nikikubali, hao vijana aliowaita wanawe, na mmoja alikuwa kijana mwembamba asiyejua hata kubeba bunduki begani, wangekaa nyuma ya bati langu wakidhani wako salama. Bakari alinitazama. Alikuwa akiniachia mimi niseme, na hilo lenyewe lilinipa nguvu.

"Komanda," nilisema, "bamba hili ni la kuzuia mawe. Risasi italipita."

"Umejuaje? Umeshapigwa risasi?"

Wenzake wakacheka.

"Sijapigwa. Ndiyo maana nakuomba ulijaribu kabla wanao hawajalijaribu wao."

Kicheko kikaisha. Komanda akaamuru lijaribiwe. Tulilibeba bamba mimi na Bakari mpaka mtoni, pahali pasipo nyumba, tukaliegemeza kwenye ukingo wa udongo, tukarudi nyuma. Komanda mwenyewe alipiga. Mara moja tu. Bamba lilianguka kifudifudi.

Yule kijana mwembamba ndiye aliyetangulia kuliinua. Kulikuwa na tundu. Alitia kidole chake cha shahada, kikatokea upande wa pili. Akabaki amekitia hivyo, akikitazama, kama mtu aliyesahau jinsi ya kukitoa.

"Na chuma kinene zaidi?" Komanda aliuliza. Sauti ya filimbi ilikuwa imemwisha.

"Kinene cha kuzuia risasi, gari halitapanda hata kilima cha ngome. Utavaa chuma ukae hapo hapo."

Alitema mate mtoni. "Mngazija, umeniharibia siku," alisema. Wakapanda pikapu yao wakaondoka, na yule kijana mwembamba akatupungia mkono kwa siri, chini ya kiuno.

Bakari alikaa kwenye jiwe. Tulitazamana, tukaanza kucheka mpaka machozi yakatutoka. Kisha akalivuta bamba mapajani, akachungulia kwenye tundu la risasi, akasema taratibu, "Fundi. Hapa patakaa plagi ya oili."

Wallahi ndivyo tulivyofanya. Tulilisogeza bamba upana wa vidole viwili, tundu likaja chini ya plagi sawasawa, tukalipanua kwa tupa. Kwa miezi yote niliyobaki pale, kila nilipomwaga oili ya kwadi ile niliimwaga kupitia tundu la Komanda.

Sitaki mdhani baada ya hapo sikukosea tena. Niliinua springi ili tumbo liwe mbali na mawe, nikatia vipande vya chuma kwenye shokapu, kwadi ikasimama juu kama mbuzi aliyeona nyoka. Mariamu aliipanda akazunguka uwanja mara moja, akashuka. "Sasa inaanguka vizuri zaidi," alisema. Kwadi iliyoinuliwa sana hupinduka, na tena ekseli zake hukaa mshazari, raba zinazofunika viungo zikachanika, mchanga ukaingia kwenye grisi, na kwisha. Nikarudisha chini. Inua kidogo, au usiinue kabisa, ukaweke akili yako kwenye bamba.

Bomba la hewa nililiinua mpaka chini ya usukani kwa kipande cha paipu ya maji ya nyumbani, viungo vyote nimevipaka grisi, kwa maana mito ya Nzwani ikinyesha mvua haikupi muda wa kufikiri. Madumu ya mafuta ya kupikia tuliyapasua tukayafanya kinga za mikono ya dereva dhidi ya matawi. Raba za ekseli tulizivisha mikono iliyokatwa kwenye tyubu za lori. Haikuwa na sura, lakini ilifika.

Siku moja nilimwomba Mariamu anichukue mpaka kijiji cha mwisho ili nione kazi yangu ikifanya kazi. Nilipanda ile kwadi ya pili nyuma yake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, njia ilikuwa mizizi na udongo mwekundu, na mahali pamoja mwamba ulikatiza njia kama ngazi. Nilimwona akisimama juu ya vikanyagio, akainama mbele, akaupanda. Bamba lililia juu ya mwamba, likateleza, likapita. Hakugeuka hata kutazama. Kwake ilikuwa njia tu sasa. Nami nyuma yake nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mvua ikaniingia mdomoni.

Kijijini watoto walilia kama wanavyolia watoto wakiona sindano. Mama mmoja aliyembeba mwanawe mgongoni aliniuliza mimi ni nani. Nilikuwa nikitafuta namna ya kujibu bila lafudhi yangu kusikika, Mariamu akanitangulia. "Huyu ni fundi wangu," alisema, bila kuinua macho kwenye sindano. Yule mama akaniletea wali na mataba, yale majani ya muhogo ya nazi, sahani imejaa mpaka juu. Hakuna aliyeniuliza swali jingine. Nilikula nikiwa nimegeukia ukutani kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Nilitoka Nzwani kwa mashua ndogo kupitia kisiwa cha Mwali. Zaina alinifungia mikate ya safari, Bakari akanipa barua ya kumpelekea mdogo wake Nasuri na tindo yake bora. Hayo hayasemeki kwa maneno mengi.

Moroni nilipokelewa kama mtu aliyefufuka. Na pale pale nikaanza kuulizwa, kwenye baraza za Badjanani, mji mkongwe wa Moroni, nje ya msikiti, hata kwa kinyozi: "Walikufanya nini kule?" Watu walitaka nivue shati niwaonyeshe makovu. Niliwaambia, walinilisha. Miezi saba walinilisha. Wengine walicheka. Wengine walinitazama kama nimehongwa. Hasira ilikuwa imepanda mjini, na ilikuwa ikitafuta mtu wa karibu, kwa kuwa walio mbali haikuwafikia.

Wa karibu alikuwa Nasuri. Asubuhi moja vijana wakafunga barabara kwa mawe na matairi, wakawa wanapita nyumba hadi nyumba kuwaambia Wanzwani waondoke, na waliochelewa walitupiwa vitu vyao nje. Nasuri alikuja karakana na mkewe Raihana na mtoto wao wa mwaka mmoja, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alikuwa haimbi. Meneja wetu alisema hawezi kuwaweka pale, mtu akiwaona wataichoma karakana. Alisema kweli, simlaumu.

Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu na sisi sote tulimwita Koko, yaani bibi, alikaa Mvouni, kule juu ya mji. Barabara ilikuwa imefungwa. Lakini nilikuwa na kwadi ya karakana, na nilijua kijia kinachopita nyuma ya mashamba juu ya mawe ya volkano.

Sikilizeni hapa, maana hili wengi hawalijui. Kwenye matope ya Nzwani nilikuwa nikipunguza upepo wa matairi ili yashike. Juu ya mawe ya volkano ya Ngazija ukifanya hivyo umekwisha. Mawe yale ni wembe, na tairi laini linajikunja likayakabidhi ubavu wake, sehemu nyembamba kuliko zote. Ongeza upepo, nenda polepole, na ndani ya tairi tandika utepe uliokatwa kwenye tairi la lori. Nilikuwa nimeshaifanya hivyo wiki ile kwa safari ya chanjo. Kama nisingekuwa nimefanya, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Nilimchukua kwanza Raihana na mtoto. Ipo sehemu moja tu kijia kile kinapogusa barabara, na pale walisimama vijana wawili na fimbo. Mmoja alinijua.

"Fundi, wapi?"

"Naijaribu breki," nilisema.

"Na abiria?"

"Huwezi kujaribu breki bila uzito, mwanangu."

Aliwaza hilo. Lilikuwa na maana ya kifundi, akatupisha. Nilirudi kumchukua Nasuri kwa kuzunguka juu zaidi, mahali pasipo njia kabisa, bamba likikwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikusimama mpaka nilipoliona paa la nyumba ya Koko.

Koko alikuwa mwanamke aliyewaoza binti zake kwa ndoa kubwa, ile ada yetu inayompa mtu heshima mpaka kaburini. Alipowaona wale watu watatu uani kwake hakuuliza wanatoka kisiwa gani. Alimuuliza Raihana mtoto ameshakula nini. Kisha akamgeukia Nasuri. "Wewe ndiye fundi wa umeme? Nyumba yangu ina taa moja tu inayowaka, na ni ile ya chooni."

Walikaa wiki tatu. Nasuri alipitisha waya nyumba nzima, na siku ya pili akaanza tena kuimba. Habari ikaja kwamba ipo mashua inayowachukua Wanzwani, nikasema nitawapeleka bandarini mapema kabla watu hawajaamka.

"Kwa nini mapema?" Koko aliuliza. "Wameiba?"

Aliingia ndani akatoka amejitanda shiromani nyekundu na nyeupe, kitambaa cha wanawake wa Nzwani, ambacho Raihana alimpa kwa shukrani. Mwanamke wa Ngazija wa umri wake, siku zile, katika vazi lile. Mke wangu aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nilipakia masanduku nyuma ya kwadi nikafuata taratibu nyuma ya gari la jirani lililowabeba wao, barabara ikiwa imeshafunguliwa. Mwanzo wa mji Koko akaliamuru lisimame, akashuka, akatushusha sote. Kwadi tuliiacha kwa kinyozi, masanduku tukayabeba, tukapita Badjanani kwa miguu, saa nne asubuhi, vichochoro vimejaa watu.

Kwenye kona ya kwanza walikuwapo vijana watano au sita, wale wale wa mawe na matairi. Walipomwona Koko wakasimama kutoka barazani, kwa sababu kwetu mdogo akimwona mkubwa hana budi kutanguliza salamu.

"Kwezi, Koko," walisema.

"Mbona," aliitikia, kama inavyoitikiwa. Lakini hakusogea. Alibaki amesimama katikati ya kichochoro, Raihana upande huu, Nasuri upande huu. "Na wageni wangu hamwaoni?"

Nyuma yetu watu walianza kujaa maana njia ilikuwa imezibwa. Mmoja wa vijana, mkubwa wao, alitazama viatu vyake, kisha ile shiromani, kisha viatu vyake tena.

"Kwezi," alimwambia Nasuri kwa sauti ndogo.

"Mbona," Nasuri aliitikia.

Wote wakawasalimia, mmoja mmoja, Nasuri na mkewe. Ndipo Koko akapiga hatua. Na kona ya pili akasimama tena, na ya tatu, mpaka tukafika bandarini tumesalimiwa na mji mzima.

Mashua ilipoondoka Nasuri alinyanyua mkono tu, na Raihana akamnyanyua mtoto. Koko alisimama pale mpaka haikuonekana tena. Halafu akaniambia miguu inamuuma, na gari la jirani limekwenda zake, na ile kwadi yangu iko wapi.

"Koko, kwadi si ya mtu wa umri wako."

"Nimekuuliza iko wapi."

Nilimpandisha Mvouni kwa barabara ya mawe, polepole, amenishika kiuno kwa mikono miwili na shiromani ikipepea juu ya bomba la hewa. Kila jiwe alilalamika, akanilaumu mimi, springi zangu, na Majunga yangu yote. Nami kila jiwe nilishukuru kimoyomoyo, moja baada ya jingine, na nilipoona njia inakwisha nikazunguka shamba la jirani ili tuchelewe kufika.